Usimtilie Sumu Ndege Usiyemjua: Matembezi ya Mvua Kando ya Mto Kilombero



Wiki ya mwisho ya Machi simu yangu iliita saa kumi na mbili kasoro asubuhi. Mvua ilikuwa inapiga bati, hata sauti sikuisikia vizuri. Alikuwa kijana mmoja mwenye ekari tano za mpunga wa SARO 5, upande wa mtoni, si mbali sana na Daraja la Magufuli pale Kivukoni, Ifakara.

"Dada, shikamoo. Ndege wamenimaliza."

"Marahaba mdogo wangu. Ndege gani?"

"Wale wa njano. Wamejaa kwenye matete kama wamealikwa harusi. Masuke yamekuwa meupe, hayana kitu ndani. Ila usijali, dawa nimeshapata. Nataka uniambie tu nichanganye kiasi gani na pumba."

Nikanyamaza kidogo. Kisha nikamwambia: "Hiyo dawa usiifungue. Nakuja."

Nimeamua kuwaandikia habari ya asubuhi ile kwa sababu najua wengi wenu mko hapo alipokuwa yeye. Mpunga uko kwenye maziwa, mkopo wa kikundi unakusubiri baada ya mavuno, na kila ukiangalia juu unaona mabawa. Hasira inakuja yenyewe.

Chupa ya soda isiyo na lebo

Nilifika kwa bodaboda nikiwa nimevaa gambuti, na nailoni ya ndani ya mfuko wa mbolea nimejifunika mabegani. Shingoni nilikuwa na darubini yangu ya zamani, kioo kimoja kina ukungu ambao haufutiki. Kijana akacheka. "Bibi shamba umekuja kuwinda au kutalii?" Huku wananiita bibi shamba, ingawa ubibi wenyewe bado.

Akanionyesha dawa. Ilikuwa kwenye chupa ya soda, imefungwa kwa kifuniko cha rangi nyingine, haina lebo, haina jina, haina tarehe. Aliyemuuzia alimwambia loweka mpunga, mwaga pembeni mwa matete, kesho utaokota ndege kwa ndoo.

Nikamuuliza: "Na hao wa kwenye ndoo utawapeleka wapi?"

Hakuwa na jibu. Jibu alikuwa nalo mzee mmoja mvuvi wa Kindamba aliyekuwa anafunga mtumbwi wake pale kando. Tukamwamkia, "Shikamoo babu," akaitika, halafu akasema bila kutuangalia: "Wajukuu zangu huokota kila kinachoanguka. Ndege akianguka, kwao ni kitoweo."

Kijana akaiweka ile chupa chini taratibu.

Nikamwambia kabla hatujazungumza dawa tutembee. Kutoka kwenye banda lake mpaka mwisho wa shamba, halafu kando ya mto kuelekea chini. Tusiongee sana. Tuangalie nani yuko, anakula nini, anatua wapi. Akasema mvua inanyesha. Nikamwambia hii ya rasharasha ndiyo nzuri. Mvua kubwa ndege hujificha, lakini ikipungua wanatoka kukausha manyoya na kutafuta chakula, na wadudu nao wanainuka.

Kwanza tuliangalia masuke, si ndege

Kwenye jaruba la tatu nikasimama. Kweli, masuke meupe yalikuwapo, hapa moja, pale matatu, yametapakaa mpaka katikati ya shamba. Lakini yalikuwa yamesimama wima kama bendera. Nikashika suke moja nikalivuta. Likatoka kama unavyochomoa mrija kwenye soda. Nikapasua bua kwa ukucha. Ndani mlikuwa na unga unga wa kinyesi, na chini kidogo funza mwenyewe, mweupe, amenenepa.

"Huyu ndiye ndege wako," nikamwambia.

Alikuwa kipekecha shina. Nondo hutaga mayai kwenye jani, funza akianguliwa huingia ndani ya bua na kula kutoka ndani. Akishambulia wakati mpunga unatoa masuke, chakula hakifiki juu, kwa hiyo suke lote linakauka likiwa tupu. Ukilitazama kwa mbali utasema ndege wamelifyonza.

Kijana alichuchumaa kwenye maji muda mrefu kidogo. Akavuta lingine, na lingine. Yote yalikuwa vilevile. Alichosema baadaye sikukitegemea: "Kwa hiyo ningewaua wale, na huyu angebaki."

Sikumficha kitu. Suke likishakuwa jeupe, msimu huo halirudi. Hakuna dawa ya kulifufua. Kazi ya kipekecha inafanyika kabla na baada: kupanda kwa wakati mmoja na majirani, kutozidisha urea, kukagua majani na kuondoa mayai mapema, na baada ya mavuno kulima na kufukia mabua ili funza waliobaki humo wasivuke kwenda msimu mwingine.

Tulipofika ukingoni upande wa matete, hapo ndipo tukaona kazi ya ndege halisi. Masuke yalikuwa yameinama kama kawaida, lakini punje zilikuwa zimepondwa, maganda yamebaki palepale kwenye suke na ute mweupe umekaukia juu yake. Ulikuwa mstari mwembamba tu pembeni. Ni hasara, ndiyo, lakini si ile ya kutosha kummaliza mtu.

Wa njano kwenye matete

Mvua ikapungua. Tukatoka shambani tukashika njia ya wavuvi. Mto ulikuwa umejaa, rangi ya chai ya maziwa, unabeba magugu na vipande vya matete. Upande wa pili furukombe akalia, ile sauti yake ambayo hata asiyejua ndege anaijua. Dudumizi naye alikuwa anaguguma kichakani kama mtu anayemimina maji kutoka kwenye chupa. Mzee akasema mvua itarudi. Dudumizi akilia watu wa mtoni hawaaniki mpunga.

Nikampa kijana darubini. Kwenye matete marefu yaliyoinamia maji kulikuwa na viota vinavyoning'inia, na wale wa njano wakiingia na kutoka. Dume ana uso mweusi unaoshuka mpaka kifuani, kama aliyetumbukiza kichwa kwenye masizi. Kijana aliangalia kimya, halafu akasema: "Huyu ana funza mdomoni."

Kweli, alikuwa na kitu cheupe kinachojikunja. Sikuweza kuona ni funza gani, wala siwezi kukuambia alimtoa kwenye mpunga wake. Lakini ndege yule wakati ule hakuwa na punje mdomoni.

Sasa sikilizeni, vijana wa Kilombero. Ndege yule ni mnana wa Kilombero. Duniani kote anapatikana kwenye bonde letu hili tu. Wataalamu walimgundua mwaka 1986 karibu na Ifakara, na Neil na Elizabeth Baker wakamwandika rasmi kama aina mpya mwaka 1990. Kumbuka babu zetu walikuwa wakimwona miaka yote, ila hakuwa na jina vitabuni. Mwaka 2021 bonde hilihili likaandikiwa aina nyingine mbili mpya, ndege wadogo wa kahawia wa kwenye nyasi, na mmoja akapewa jina la kina Baker. Bonde letu la mafuriko limo katika orodha ya Ramsar ya maeneo oevu muhimu duniani tangu mwaka 2002. Mnana huyu yumo katika orodha ya ndege walio hatarini, kwa sababu anategemea matete ya mtoni na matete yanazidi kupungua.

Na yanapunguzwa na nani? Na sisi.

Kosa langu mwenyewe

Nikamweleza kijana jambo ambalo si rahisi kulisema mbele ya mkulima wako. Mwaka wangu wa kwanza kazini, nikiwa na diploma mpya na maneno mengi, mkulima mmoja aliniuliza afanye nini na minana walioko mtoni. Nikamwambia akate matete yote, ndege wakikosa pa kujenga watahama. Akakata. Akapanda mpunga mpaka ukingoni kabisa.

Ndege hawakuisha, walihamia kwenye miti ya jirani. Lakini masika iliyofuata mto ulikuja na haukukuta kitu cha kuuzuia. Ukakata ukingo, ukachukua kipande cha shamba pamoja na mpunga wake. Nilikwenda kumpa pole. Hakunigombeza. Alinikaribisha chai. Mpaka leo chai ile naikumbuka.

Ndiyo maana sasa nikisimama kwenye matete, kwanza naangalia mizizi. Matete yanashika udongo, yanapunguza kasi ya maji, na mchanga unanaswa pale badala ya kufunika majaruba yako. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 nayo inakataza shughuli za kudumu za watu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Tulizihesabu kwa hatua. Jaruba la mwisho la kijana lilikuwa ndani ya mita hizo.

Hapo akakasirika kweli. "Dada, mita sitini ni pesa."

Nikamwambia najua ni pesa. Nikamwonyesha ukingo palipokuwa na ufa mpya kama mkono wangu upana, udongo umeshaanza kuinama majini. "Na hii je, unaionaje? Ni pesa au si pesa?"

Hakunijibu. Tukaendelea kutembea.

Wageni wengine wa asubuhi ile

Kwenye dimbwi la nyuma ya mto tuliwakuta korongo weusi kama ishirini, wamesimama kwenye maji ya magotini. Mdomo wao ukifungwa unabaki na uwazi katikati, kama koleo lililopinda. Kijana akauliza kama ni wagonjwa. Hapana, ndivyo walivyoumbwa, mdomo ule ni kifaa cha kutoa konokono kwenye gamba. Tulimwona mmoja akifanya hivyo: akamshika, akatikisa, gamba likabaki, nyama ikaenda. Wenzetu wa Mwea, Kenya, tangu mwaka 2020 wanahangaika na konokono mgeni anayekula miche michanga ya mpunga. Hapa kwetu ndege mwenye mdomo wa namna hiyo hafukuzwi na mtu mwenye akili.

Yangeyange walikuwa wanafuata ng'ombe na kudaka panzi. Mbayuwayu walikuwa wanapita juu ya mpunga, chini sana, wakikamata wadudu wanaoruka. Wengi wa mbayuwayu wale hurudi Ulaya kuzaliana mvua zetu zikiwa zinaendelea. Yaani kuna ndege anaondoka Ifakara anakwenda kujenga kiota kwenye zizi la mkulima wa Poland, baada ya kula wadudu wa shamba lako bure miezi kadhaa.

Sasa fikiria mpunga wenye sumu umemwagwa pale. Sumu haisomi majina. Anakula mnana, anakula bata maji, anakula njiwa. Mwewe anaokota aliyekufa, naye anakufa. Mvua inaosha kilichobaki kuingia mtoni, kwa kambale na perege wa yule mzee. Na wajukuu wanaokota kitoweo.

Na kweleakwelea je?

Najua mnachosema: dada, wewe unatetea ndege, hujui kweleakwelea. Nawajua vizuri. Simtetei.

Kweleakwelea ni mdogo, karibu na shomoro, kama gramu 20. Dume wakati wa kuzaliana ana mdomo mwekundu na uso mweusi. Akiwa peke yake hana madhara. Tatizo ni kundi. Linakuja kama moshi unaojiviringisha, wa nyuma wakiruka juu ya wa mbele. Mmoja anaweza kula mpaka gramu 10 za nafaka kwa siku. Piga hesabu: kundi la ndege 100,000 ni tani nzima kwa siku moja, bado hujahesabu wanazoangusha chini.

Kwa hawa, chupa ya soda haisaidii chochote. Ukiua mia, wamebaki wengine 99,900. Kinachosaidia ni kujua wanapolala. Jioni fuata kundi linakoelekea, andika mahali hapo, mwambie afisa ugani wa kata siku hiyohiyo ili taarifa ifike wilayani na kwa timu zinazodhibiti ndege. Kazi hiyo ina viuatilifu vyake, ndege nyuki na ndege za kunyunyizia, na watu waliofundishwa. Wakishanyunyiza, usiokote ndege hata mmoja, usile, usimpe mbwa, usiuze.

Mambo ya kufanya wewe, kuanzia kesho

1. Tambua mharibifu kwa alama zake. Suke jeupe lililosimama wima na kuchomoka kirahisi ni kipekecha. Punje zilizopondwa na ganda likabaki kwenye suke, hasa pembeni, ni ndege. Mabua yaliyokatwa kwa mshazari karibu na chini, zaidi katikati ya shamba kuliko pembeni, ni panya.

2. Tembea shamba lako angalau mara mbili kwa wiki kuanzia masuke yanapotoka. Nenda alfajiri kunapokucha, au jioni kabla jua halijazama. Chukua daftari. Andika ndege aliyekuwapo, idadi ya kukisia, na alichokuwa anakula. Darubini si lazima, ila ukiipata itakusaidia.

3. Panga kuamia mapema. Kipindi cha hatari ni kuanzia mpunga ukiwa kwenye maziwa mpaka punje zinapokuwa ngumu, kama wiki tatu hadi nne. Jenga dungu kabla, si siku ndege wamefika. Gawaneni zamu na majirani, mlipe watu wazima. Mtoto aende shule.

4. Pandeni pamoja. Shamba linalowahi peke yake au kuchelewa peke yake ndilo linalokuwa mezani kwa ndege wote wa eneo.

5. Palilia nyasi zenye mbegu ndani ya shamba na kwenye matuta. Kundi hukaribishwa na mbegu za nyasi kwanza, halafu linahamia kwenye mpunga.

6. Tumia mikanda ya kaseti inayolia kwa upepo, makopo na bendera, lakini uhamishe kila baada ya siku chache. Ndege huzoea upesi.

7. Acha matete ya ukingoni yasimame. Kama umeshalima ndani ya mita 60, anza kurudi nyuma msimu ujao kabla mto haujakurudisha wenyewe.

8. Usinunue kiuatilifu kisicho na lebo. Kama tayari unacho, usikimwage mtoni wala shambani. Kifunge, kiweke mbali na watoto na chakula, umwite afisa ugani wako.

Ilivyoishia

Ile chupa niliondoka nayo mwenyewe, nimeiviringisha kwenye nailoni yangu ya mbolea, nikaipeleka kwa wanaohusika na viuatilifu. Nilirudi nimelowa mpaka kwenye mifupa.

Wiki ya pili ya Aprili kijana alinipigia tena usiku. Kundi la kweleakwelea lilikuwa limeonekana likilala kwenye vichaka ng'ambo ya barabara. Safari hii alijua ni nani. Aliwaelezea vizuri mpaka sikuhitaji kumuuliza swali la pili. Taarifa ikapanda usiku uleule, na yeye na majirani wanne wakakaa kwenye madungu siku kumi na mbili mfululizo mpaka mpunga ukakomaa.

Siwezi kuwaambia alivuna kama alivyopanga. Kipekecha alikuwa amechukua chake, na lile jaruba la mwisho lilipata maji mengi kuliko lilivyotakiwa. Lakini alivuna, akalipa marejesho ya kikundi, na baada ya mavuno alinipigia aniulize atalima mabua lini na akisogeza tuta nyuma alianzie wapi. Tulikwenda kupima pamoja, safari hii kwa kamba badala ya hatua. Yule mzee ndiye aliyetushikia ncha ya upande wa mtoni.

Juzi kijana amenitumia picha kwenye simu. Imepigwa kwa mbali, ina ukungu, lakini yule wa njano anaonekana juu ya tete. Chini ameandika: "Huyu simfahamu jina la kitaalamu, ila anakula wadudu." Nimemjibu aendelee kuangalia, maana mpunga ukiwa kwenye maziwa huyohuyo anaweza kuonja, na hapo atakuwa na kazi ya kuamia kama sisi wote.

Masika bado haijaisha. Vaa gambuti, utembee shambani kwako kesho alfajiri. Ukiona usichokijua, niulize kabla hujanunua chochote.

Tukutane shambani.